Simu Mbili Chini ya Leso Moja

Sehemu ya tisa

Juma lililopita tulimwacha Kache kaganda nyuma ya pazia, ndani ya nguo zake nyeupe za eda, na yule mwanamke wa Kizungu asemaye ndani ya visikizio amemwambia neno ambalo hakutazamia kulisikia tena: simu mbili zimeunganishwa.

Mbili!

Moja ilikuwa yake, imelala mkekani karibu na goti, ikimsomea Yasini. Ya pili ya nani?

Visikizio vile aliletewa na marehemu mumewe, Zein. Ukanda wake huzunguka shingoni, wala havina waya wa kwenda kwenye simu. Zein aliviunganisha kwa mkono wake na simu mbili tu, ya mkewe na ya kwake. Na ya kwake ilisagika pamoja naye chini ya magunia, ndani ya ghala moja la Shimanzi. Hivyo ndivyo shemeji Badawi alivyosema siku ya msiba. Aliapa kaviona vipande.

Simu iliyosagika huunganika vipi? Tena vitu hivi havishiki simu iliyo mbali. Simu ya Zein ilikuwa humu humu nyumbani, hatua chache kutoka pale alipokaa mjane wake!

Kache hakupiga ukelele. Alikumbuka siku Zein alipomfundisha kuvitumia.

"Hivi ni kama mwanamume wa wake wawili," Zein alimwambia akicheka. "Kafunga na wote, lakini kusikiza humsikiza mmoja. Mpaka huyu anyamaze, ndipo yule asikike."

Basi Kache akanyoosha kidole, akainyamazisha Yasini.

"Haisemi," ikaja sauti ya Badawi kutoka ukumbini, ng'ambo ya pazia. "Mama, haisemi kabisa."

"Punguza sauti," akasema mamake, Bi Shufaa, mavyaa wa Kache. "Huyo mke wa nduguyo yuko ndani."

"Huyo? Huyo kajifunika leso gubigubi kama chungu cha wali. Atasikia nini?"

Wakacheka wote wawili, mama na mwana.

"Nasema simu haisemi," Badawi akaendelea. "Nikiigusa naona inakwenda, mstari unatembea, lakini kimya. Magunia yale yameiua spika."

"Si nlikwambia uitupe baharini?"

"Simu kama hii, Mama? Kioo hakina hata mkwaruzo! Fundi wa Makadara kanifungulia leo kwa taabu. Kesho natia laini yangu, inakuwa yangu."

"Basi futa unayotaka kufuta. Mwalimu Shee yuaja baada ya alasiri."

"Ndiyo nafuta. Lakini fundi kanambia Zein alikuwa akizirekodi simu zake zote. Mimi nilizungumza naye mara kumi na moja juma lile la mwisho. Kila nikigusa nifute, inafunguka. Haya, tazama, imefunguka tena."

Laiti angalijua! Spika haikufa. Sauti ilikuwa imeshika njia nyingine. Ilipita chini ya pazia, ikapanda mkekani, ikaingia chini ya leso, ikatua ndani ya masikio mawili ya Kache.

"Badawi, sikiza. Usinikate kauli."

Zein! Zein mwenyewe, na ule ukwaruzo wake wa koo, na zile pumzi zake za kupanda ngazi. Siku ishirini na tatu yuko chini ya udongo, na sasa anasema, karibu zaidi ya alivyokuwa akisema kitandani.

Kache akaitia ncha ya leso kinywani, akaiuma. Pajani pake mwanawe alikuwa amelala, na chozi la mama lilimdondokea kwenye nywele. Akalipangusa upesi.

"Nataka nikwambie jambo la Kache," sauti ikaendelea. "Kache nilimwacha. Maneno yako yaliniingia, nikamwacha. Talaka moja, nilitamka peke yangu chumbani…"

Sauti ikakatika.

"Nimeifunga," alisema Badawi ukumbini. "Shetani wa simu hii!"

Kache alikaa na mikono juu ya mtoto. Alitazama nguo zake nyeupe. Kwa siku ishirini na tatu hakutia mafuta wala wanja, hakutoka hata mlangoni, amekula wali mkavu kwa kuona haya kuomba mchuzi. Yote kwa ajili ya mume. Na mume alikuwa amemwacha!

Alimwacha, akawaambia wao, yeye hakumwambia.

Lakini wasomaji, ngojeni. Wakati mwengine kisu kinachomkata mtu ndicho kinachomkatia kamba, na Kache hakuwa mjinga. Baada ya uchungu ule wa kwanza kumpita, neno moja lilirudi likamkaa kichwani.

Moja. Zein alisema moja.

Na Bi Shufaa na mwanawe juma zima walikuwa wakitangaza mtaani kote: tatu!

Hilo ndilo lililomleta Mwalimu Shee siku ile. Bi Shufaa hakumtaka mkaza mwana yule tangu siku ya kwanza. Zein kaenda Ganze kurekebisha mitambo ya kisima, karudi na mke wa Kigiriama. Zein alipokufa, mama mtu na Badawi walitoka na lao: marehemu alimwacha mkewe talaka tatu kabla hajafa. Basi si mjane, hana eda ya mjane, hana urithi, hana hata haki ya kulala chini ya dari ile. Na mtoto ni wa ukoo wa baba, atabaki na nyanyake.

Aliyeachwa tatu hana chake. Lakini aliyeachwa moja, mumewe akifa na eda ya talaka haijesha, huyo ni mjane kama wajane wengine. Atakaa, atarithi, na mwanawe hatatolewa mikononi mwake. Kati ya moja na tatu ndipo ilipokuwa roho ya Kache.

Pazia likafunuliwa. Bi Shufaa akaingia, mikono kiunoni.

"Amka ujipanguse pua. Wazee wanakuja, wasije wakaona nimeweka mgonjwa."

"Naam, Mama."

"Usiniite Mama. Vitu vyako nimeshavitia ndani ya gunia, liko pale chini ya ngazi. Nimekutilia na lile sufuria uliloingia nalo, usende ukasema nimekudhulumu."

"Na nguo za Mbodze?"

"Nani?"

"Mtoto."

"Mtoto wa Zein haendi popote, nguo zake zakwenda wapi? Na jina hilo la porini likome leo. Kesho napeleka ubani asomewe jina jingine, namwita Shufaa. Atajibu tu. Mtoto wa miaka minne akinyimwa uji siku mbili, hujibu jina lolote."

Kache akatazama chini. Chini ya leso, kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha visikizio.

"Wanilia kimya kimya, eh?" Bi Shufaa akainama, akamtazama usoni. "Lia vizuri. Ulie sasa, ukishafika kwenu ukamate jembe."

Akatoka. Na Kache akajikaza kisabuni.

Punde hodi ikasikika. Mwalimu Shee aliingia na wazee wawili wa mtaa, wakavua viatu, wakakaa ukumbini. Kahawa ikamiminwa. Mwalimu alikuwa mtu mkavu, asiyependa maneno mengi, na kila kitongoji cha Mji wa Kale kilikuwa kinamjua kwa jambo moja: hakopeshi neno la sheria kwa jamaa wala kwa rafiki.

"Salamu kwako, binti, huko nyuma ya pazia," alianza. "Mungu akupe subira."

"Amin, Mwalimu," akajibu Kache.

"Haya, Badawi. Sema ulilolisikia. Ulilosikia mwenyewe, si la kuhadithiwa."

Badawi akakohoa. Sauti yake ikawa laini kama samli.

"Mwalimu, haya ni mambo mazito kwangu. Ndugu yangu alinipigia simu siku moja kabla ya ajali. Akanambia, Badawi, mwanamke huyu amenichosha, nimemwacha talaka tatu. Mama alikuwa ubavuni, alisikia."

"Nlisikia kwa masikio haya haya!" akadakia Bi Shufaa. "Tatu! Nikasema, mwanangu, zote tatu? Akasema, zote, Mama."

"Binti, wewe uliambiwa?"

"Sikuambiwa kitu, Mwalimu."

"Mwanamume akitaka kumwacha mke ataomba ruhusa?" Bi Shufaa akacheka. "Mwenzetu huko kwao labda hupiga ngoma kwanza."

Wazee wale wawili wakatabasamu. Mwalimu hakutabasamu.

"Nyamaza, Shufaa. Badawi, simu ya marehemu iko wapi? Watu wa siku hizi kila neno hulihifadhi ndani ya simu."

"Ilisagika, Mwalimu. Vipande."

"Umeviona?"

"Nimeviona. Nimeviokota kwa mkono huu nikavitupa."

Na mkono huo huo ulikuwa nyuma ya mto, umeshika simu nzima! Maana Badawi alikuwa ameingiwa na hofu. Alijiambia, mzee huyu akitaka kupekua itakuwaje? Afadhali niyamalize sasa hivi. Simu ni bubu, itanifanya nini? Akaisogeza nyuma ya mto, akawa anagusa kwa kidole gumba huku akimtazama Mwalimu kwa adabu.

Kidole gumba kikakosea. Kikafungua.

"Badawi, sikiza. Usinikate kauli," Zein akasema masikioni mwa Kache.

Kache akashituka hadi mtoto akaamka.

Hapo akili yake ikafanya kazi kuliko ilivyopata kufanya tangu azaliwe. Sauti inakuja kwangu kwa sababu mimi niko wazi, alijiambia. Mimi nikijifunga, haitakuwa na pa kwenda ila kutokea huko huko iliko.

Akakitafuta kitufe shingoni. Akakibana. Akahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu. Yule mwanamke wa Kizungu akaaga, na masikio yakawa matupu.

Ukumbini, simu nayo ikasita. Hivyo ndivyo zifanyavyo zikikatiwa. Badawi akaangalia nyuma ya mto kwa jicho moja, akaona mstari umesimama. Kama alivyofanya mchana kutwa, akaugusa tena.

"KACHE NILIMWACHA!"

Kikombe cha kahawa kilimtoka mzee mmoja, kikavunjika sakafuni. Bi Shufaa akapiga yowe. Maana Badawi, kwa kudhani spika imekufa, alikuwa ameipandisha sauti hadi juu kabisa, na sasa maiti alikuwa akinguruma ndani ya nyumba yake!

"MANENO YAKO YALINIINGIA, NIKAMWACHA. TALAKA MOJA, NILITAMKA PEKE YANGU CHUMBANI…"

Badawi akaibana kwa mto. Akaikalia. Haikusaidia, sauti ikatoka chini ya makalio yake.

"TANGU MFUNGO MOSI, NA MWENYEWE SIKUMWAMBIA…"

Akaipata. Akaifunga. 

"Hivyo ndivyo vipande ulivyovitupa?" akauliza Mwalimu Shee.

Nyuma ya pazia Kache alikuwa ameshika mikono yake miwili pamoja, kaibana kifuani. Moja! Wamesikia wote. Moja! Mbodze akamtazama mamaye, akataka kusema, mama akamziba kinywa kwa busu.

"Mwalimu," Badawi alisema. Jasho lilimtoka, lakini ulimi wake haujapata kulala njaa. "Mwalimu, nilificha kwa heshima ya marehemu. Sikutaka aibu zake zisikike."

"Ukasema tatu. Yeye kasema moja."

"Nilisahau hesabu kwa majonzi."

"Na mamako naye alisahau hesabu? 'Zote, Mama.' Nimesikia hivyo kwako, Shufaa, kahawa yangu haijapoa."

Bi Shufaa akajifanya kuokota vigae vya kikombe.

Halafu, polepole, uso wa Badawi ukabadilika. Lile jasho likakauka. Akainua kichwa, na wasomaji, lau mngaliona tabasamu lile, mngaliyafunga macho.

"Haya, na iwe moja," akasema. "Lakini Mwalimu umesikia na la pili. Kamwacha lini? Tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi. Na amekufa lini? Mfungo Tano. Nihesabie wewe mwenye elimu. Eda ya talaka ni muda gani?"

Mwalimu Shee akautazama mkono wake. Akakunja kidole kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne.

"Tohara tatu, kama miezi mitatu," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Basi imekwisha!" Badawi akapiga paja. "Eda ilikwisha, ndoa ilikwisha, ndipo akafa. Moja au tatu, huyu alikuwa si mkewe. Siku zote hizo alikuwa akilala na mwanamume asiye wake, Mungu atuepushe. Nilificha aibu hiyo, mmeitaka wenyewe."

"Yalla!" Bi Shufaa akapata ulimi wake tena. "Mzinifu ndani ya nyumba yangu! Kavaa nyeupe! Kumbe hata huo weupe ni wizi!"

Kache akamkumbatia mtoto. Kamba aliyoishika imekuwa kitanzi. Ni yeye, kwa kidole chake mwenyewe, aliyeifungulia sauti ile!

"Binti," aliita Mwalimu. "Sikiza vizuri. Baada ya Mfungo Mosi, Zein alikurejea? Neno tu la mume latosha, hata bila mashahidi. Alitamka?"

Ndipo likamjia. Mfungo Pili. Siku ya visikizio.

Zein alimvalisha shingoni, akateremka chini barazani, akampigia simu ili kuvijaribu. Wanisikia? Nakusikia. Basi sikia, Kache. Nilikukosea. Nakurudisha katika ndoa yangu. Yeye akacheka, akamwambia, kwani nilitoka lini? Zein akakata simu. Akapanda ngazi, akamkumbatia, mabega yakimtetema, na yeye akadhani ni uchovu wa kazi.

"Alitamka, Mwalimu! Mfungo Pili. Alinambia, nakurudisha katika ndoa yangu."

"Nani mwengine alisikia?"

"Mimi na yeye."

"Lo, rahisi hiyo!" Badawi akacheka. "Kila aliyeachwa ataota ndoto hiyo."

"Mwalimu, yale maneno ya simu hayakwisha," Kache akasema, na sasa sauti yake ilikuwa juu. "Zein alimwambia asimkate kauli, na amemkata. Izungumze mpaka mwisho."

"Kweli," alisema Mwalimu. "Lete simu, Badawi. Tusikie iliyobaki."

Badawi akaitazama simu. Akabana kitufe cha ubavuni mwa simu, kioo kikawa cheusi. Akaiinua waione.

"Imekufa, Mwalimu. Chaji imekwisha. Na chaja yake mimi sina." Akaitia mfukoni mwa kanzu. "Nitaitafuta, niilete kesho."

"Kesho nitaisikia sauti hiyo?"

"Inshallah."

Kesho! Kesho simu itakuwa haina hata jina la Zein. Na leo gunia liko chini ya ngazi, na Bi Shufaa ameshainuka. Kache akasikia nyayo zake zikija kwa haraka.

"Wazee, mmesikia," mavyaa alisema. "Naja kumchukua mtoto. Mwanamke ashike gunia lake, magharibi isimkute humu."

Mkono ukapita kando ya pazia, ukamshika Mbodze kifundo cha mkono. Mtoto akalia. Kache akamshika kiunoni. Bi Shufaa akavuta, Kache akashikilia, mtoto katikati akinyooka kama nguo inayokamuliwa.

"Mwachie, Mama, utamvunja!"

"Na avunjike, ni wangu!"

Ni katika vuta nikuvute hiyo bega la mtoto lilipomkandamiza Kache shingoni, na kitufe kikabanwa. Visikizio vikaamka. Yule mwanamke wa Kizungu, asiyejua msiba wala mirathi, akasema kwa utulivu wake ule ule: simu mbili zimeunganishwa.

Mbili!

Simu iliyokufa chaji haiunganiki. Badawi kaongopa. Iko hai, ndani ya mfuko wa kanzu yake, imesimama pale pale alipoikata.

Kache akamwachia mtoto.

Ndiyo, alimwachia. Bi Shufaa hakutazamia, akaanguka kinyumenyume na mjukuu wake kifuani, akapiga kiuno kwenye kizingiti. Na kabla hajapata kupiga kelele, mkono wa mjane, umefunikwa nguo nyeupe mpaka kwenye kiganja, ulitokea kati ya pazia na ukuta. Kiganjani vilining'inia visikizio.

"Mwalimu," Kache akasema, "nakuomba kwa haki ya kaburi. Tia hivi masikioni. Bonyeza hapo penye alama, mara moja tu."

"Nitie masikioni? Mimi?"

"Ni sauti ya marehemu."

Kache hakujua iliyobaki inasema nini. Huenda Zein alisema nilimrejea. Huenda alisema jingine, la kummaliza kabisa. Mkono wake haukurudi ndani. Kama ni la kunimaliza, alijiambia, na litoke kinywani mwake, nisimalizwe na hawa.

Badawi alikuwa akicheka hadi machozi. "Ni qasida tu za simu yake hizo, Mwalimu! Wazimu umemwingia. Mpe pole yake umalize kahawa."

Mwalimu Shee akainuka. Akauchukua ukanda ule kutoka kwenye kiganja, bila kukigusa. Akaondoa kofia, akavitia masikioni, kimoja, cha pili, kama mtu anayejitia dawa. Akabonyeza.

Hakuna aliyesikia kitu. Ukumbini palikuwa na kilio cha mtoto tu, na kicheko cha Badawi.

Mwalimu akasimama wima. Macho yake yakatazama mahali pasipo na mtu. Akainua mkono, kicheko kikakatika.

"Anasema," akasema Mwalimu, neno kwa neno, kama mtu anayesoma, "'lakini niliuliza, nikajua uliyomsingizia ni uongo, Badawi. Nikamrejea Mfungo Pili. Kache ni mke wangu, na nikifa leo ni mjane wangu.'"

"Nani anasema?" Badawi alisimama. "Wapi? Simu imekufa!"

"Binti," Mwalimu akasema bila kugeuka, "keti kwenye eda yako. Shufaa, mrudishe mtoto kwa mamake. Sasa hivi."

Bi Shufaa alibaki sakafuni, akikishika kiuno. Mbodze akajichomoa mikononi mwake, akatambaa chini ya pazia, akajitupa kifuani kwa mamaye. Kache akamfunika kwa leso, yeye na yeye, kichwa kwa kichwa. Sasa ndipo alipolia, na kilio kile kilikuwa na sauti. Alimlilia mume aliyemwacha, na mume aliyemrudia, na siku zile za katikati ambazo hakuna aliyemwambia.

Lakini Mwalimu Shee hakuvivua visikizio.

Alikuwa bado anasikiza. Wazee wenzake walimwona akishika nguzo kwa mkono mmoja. Uso wake, uliokuwa mkavu siku zote, ukawa wa kijivu kama jivu la chetezo.

"Mwalimu, yatosha," alisema Badawi. Mkono wake ulikuwa umeingia mfukoni, na humo ulikuta simu ina moto, moto wa simu inayofanya kazi. "Yatosha, nasema!"

"Fungeni mlango," Mwalimu akawaambia wazee.

"Kwa nini?"

"Fungeni, mkae mbele yake. Mshikeni mkono huo alioutia mfukoni."

Wakamshika. Mwalimu akamsogelea Badawi, visikizio vingali masikioni, akamtazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama kidonda.

"Zein anasema alijua kwa nini ulitaka mkewe aondoke hapa. Anasema Kache aliona kitu usichotaka kionwe, hata mwenyewe Kache hajui alichokiona. Na anasema kesho yake, jioni, wewe ulimtaka mkutane ghalani Shimanzi, peke yenu, chini ya yale magunia."

Nyuma ya pazia Kache akaacha kulia.

"Kwetu sote ulisema siku hiyo aliyokufa ulikuwa Malindi, Badawi. Haya, mbele ya mamako: ulikuwa wapi?"